Kosa la Kusafisha Ngano za Watoto

Miongoni mwa walimu wa madarasa ya awali, wahariri wa vitabu vya watoto na wazazi wanaojali malezi, umeenea mtazamo kwamba ngano ya jadi haifai kumfikia mtoto mdogo mpaka kwanza isafishwe. Kwa mujibu wa mtazamo huo, damu ifutwe, mauti yageuzwe kuwa safari ya mbali, mjanja aliyedanganya aombe msamaha, zimwi aliyekula watu awe rafiki wa kijiji, kisha mwishoni ibandikwe sentensi inayotangaza kile ambacho hadithi inafunza, ili mtoto asiondoke mikono mitupu. Wanaoushikilia mtazamo huu ni nadra kuutetea, kwa kuwa huwa wanauona kuwa busara isiyohitaji utetezi. Nao hupata nguvu kutokana na mafundisho ya fasihi simulizi shuleni, ambako mwanafunzi akiulizwa dhima ya ngano hujibu, karibu bila kufikiri, kwamba ni kuelimisha, kuonya na kuadilisha. Makala haya yanadai kinyume chake, yaani kwamba ngano inayosimuliwa upya kwa mtoto mdogo inapaswa kubaki na uovu wake, hofu yake na hata hila yake isiyoadhibiwa, kwa sababu hayo ndiyo yanayoibeba maana yake. Kwamba funzo la kubandikwa huidhoofisha badala ya kuikamilisha. Na kwamba yapo kweli mambo yanayostahili kuondolewa, ila siyo yale ambayo wasafishaji hushughulika kuyaondoa.

Ngano, katika istilahi za fasihi simulizi, ni hadithi ya kubuni iliyopokezanwa kwa mdomo, ambayo fanani, yaani msimulizi, huiwasilisha mbele ya hadhira inayoitikia, kuimba na mara nyingine kusahihisha. Ndani ya kundi hilo zimo hurafa, ambazo wahusika wake ni wanyama wanaosema na kutenda kama watu; ngano za ayari, yaani za mhusika mjanja ambaye kwa Waswahili na majirani zao wengi ni Sungura; ngano za mazimwi; ngano za usuli, zinazoeleza jinsi jambo fulani lilivyoanza; na ngano za mtanziko, ambazo humwacha msikilizaji na swali lisilo na jibu moja. Kusimulia upya si jambo linalobishaniwa hapa, kwa kuwa kila fanani husimulia upya kila anapofungua kinywa, akifupisha leo alichokirefusha jana. Kinachobishaniwa ni kusafisha, yaani kuondoa makusudi tukio ambalo hadithi nzima imelijengea, kwa imani kwamba tukio hilo litamdhuru msikilizaji mdogo.

Dai la kwanza la wasafishaji ni la kihistoria, kwamba ngano zilitungwa ili kufunza maadili, na kwa hiyo anayeziimarisha kimaadili anazirudisha tu kwenye lengo lake la asili. Ushahidi uliopo haulikubali dai hilo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja baadaye kuwa askofu, alichapisha London mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili zilizosimuliwa na watu wa Zanzibar, na mwaka 1901 George W. Bateman alichapisha Chicago mkusanyiko mwingine wa hadithi za Zanzibar, uliokusudiwa wasomaji wa Kiingereza. Katika ngano mojawapo aliyoihifadhi Bateman, Sungura anamwalika Buku, panya mkubwa wa porini, waende wakale asali iliyomo ndani ya mbuyu, akimwambia kwamba ni urithi alioachiwa na baba yake, ilhali mwenye asali ni Simba. Simba anapofika chini ya mti na kuuliza ni nani walioko juu, Sungura anamwomba Buku amviringishe ndani ya majani makavu na kumtupa chini, baada ya kumwambia Simba asogee pembeni. Sungura anaanguka, anatoka mbio, na Buku anapoteremka Simba anamla. Hakuna mahali ambapo Sungura anajuta, hakuna anayemhukumu, na kisa kinaendelea na mwaliko mwingine kwa Kobe, kana kwamba kifo cha Buku ni jambo la njiani. Mtu anayeamini kwamba hadithi hii ilitungwa ili kuhimiza uaminifu analazimika kusema kwamba waliotunga walikuwa mafundi wabovu mno wa kazi yao, jambo ambalo uhodari wao katika kila kipengele kingine cha usimulizi unalikanusha.

Aina nyingine za ngano nazo zinalikataa dai hilo. Ngano ya usuli inayoeleza kwa nini fisi huchechemea, au kwa nini kobe ana gamba lenye viraka, hutosheleza udadisi na kuchekesha, na mara nyingi maelezo yake hayana uhusiano wowote na tabia njema. Ngano ya mtanziko huenda mbali zaidi: inawaleta watu watatu waliochangia kumwokoa mmoja, kisha inauliza ni nani anayestahili kupewa tuzo, na hapo fanani hunyamaza makusudi ili hadhira ibishane. William Bascom alizikusanya ngano za namna hiyo kutoka pande nyingi za Afrika katika kitabu chake cha mwaka 1975, na wingi wake unatosha kuonyesha kwamba jamii zilizozitunga hazikuona aibu kumwachia msikilizaji kazi ya kuamua. Ruth Finnegan naye, katika utafiti wake mkubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika uliotoka mwaka 1970, alitahadharisha dhidi ya mazoea ya kuziona hadithi za Afrika kama vyombo vya kufunzia tu, mazoea ambayo yalizifanya zionekane za manufaa lakini yakazinyima heshima ya kuhesabiwa sanaa. Orodha ya dhima anayoikariri mwanafunzi, kwa hiyo, inapaswa kusomwa kama maelezo ya baadhi ya matumizi ya ngano, na haiwezi kuwa amri ya jinsi kila ngano inavyopaswa kuandikwa.

Huenda mtetezi wa usafishaji akajibu kwamba hadithi zilizokusanywa na Steere na wenzake zilisimuliwa na watu wazima kwa watu wazima, na kwa hiyo haziwezi kuwa kipimo cha hadithi za mtoto wa miaka mitano. Jibu hili lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba wakusanyaji hao waliandika walichosimuliwa na watu wazima; lakini katika mazingira ya kawaida ya usimulizi hapakuwa na hadithi za chumba hiki na hadithi za chumba kile. Watoto walikusanyika kwa bibi yao usiku baada ya kazi, mdogo akiwa amepakatwa na mkubwa akimenya karanga, wakasikiliza kisa kimoja, kila mmoja akichukua alichokiweza. Bibi alijua la kupitia haraka na la kukawia, na mambo ya unyumba aliyafunika kwa maneno ya mbali. Hata hivyo hakumwacha fisi bila njaa wala zimwi bila meno, kwa kuwa alijua kwamba bila hivyo wajukuu wangesinzia kabla ya wakati.

Dai la pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kwamba ukatili uliomo ndani ya ngano humharibu mtoto, na kwamba maadili yaliyomo yanaweza kuokolewa kwa kuutupa ukatili huo nje. Dai hili linaweza kupimwa kwa kisa kimoja cha Kiswahili kilichosafiri mbali, kile cha msichana aliyekatwa mkono, ambacho Andrew Lang alikichukua kutoka kwa Steere na kukiingiza katika mkusanyiko wake wa mwaka 1910. Baba aliye karibu kufa anawauliza watoto wake wawili wanachotaka, mali yake au radhi yake. Mwana wa kiume anachagua mali na binti anachagua radhi, na mama yao anapokaribia kufa mambo yanakuwa hivyo hivyo. Kaka anachukua kila kitu. Dada anabakiwa na chungu na kinu, ambavyo majirani huviazima na kumlipa nafaka kidogo, lakini kaka anakuja kuvichukua hivyo pia. Dada anapanda mbegu ya boga, mmea unatambaa na kuzaa, watu wananunua. Kaka anakuja na kutishia kuukata, dada anauwekea mkono wake juu ili kuukinga, na kaka anaukata mmea pamoja na mkono.

Msafishaji anayekutana na tukio hilo hujua mara moja la kufanya: kaka aukate mmea tu, dada alie, na hadithi iendelee. Lakini hadithi haiwezi kuendelea. Katika sehemu inayofuata msichana anaolewa na mwana wa mfalme, anasingiziwa na kaka yule yule, anafukuzwa akiwa na mtoto mchanga, na siku moja mtoto anamponyoka na kutumbukia ziwani. Nyoka ambaye msichana alimwokoa hapo kabla anamwambia atie mikono yote miwili majini. Yeye anashangaa, kwa kuwa mmoja ni kigutu. Anatii hata hivyo, anampata mtoto, na anapoitoa mikono majini, mkono uliokatwa umerudi. Kisa kizima kimetungwa kati ya pigo lile na kitendo hiki cha kutia kigutu majini. Anayeliondoa pigo anauondoa uponyaji, na anayeuondoa uponyaji hawezi tena kuonyesha kwa nini radhi ya wazazi ilikuwa chaguo bora kuliko mali, kwa sababu radhi hiyo haikumkinga msichana asidhurike, ila ilimsindikiza ndani ya dhara mpaka akatoka upande wa pili. Yaani maadili yale yale ambayo msafishaji anasema anataka kuyaokoa yamejengwa juu ya tukio analolifuta, naye hubaki na msichana mpole aliyeharibiwa bustani, ambaye mtoto msikilizaji hana sababu ya kumfuatilia hadi ukurasa wa mwisho.

Hoja kuhusu hofu inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hofu hudhuru kweli inapompata mtoto peke yake na bila kipimo. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu maana na umuhimu wa hadithi za ajabu, alidai kwamba hadithi za kutisha humsaidia mtoto kuipa sura hofu ambayo tayari anayo, hofu ya kuachwa, kumezwa au kusahauliwa, na kuiona ikishindwa. Si kila tafsiri yake ya kisaikolojia inayokubalika leo, lakini kiini cha dai hilo hakijapinduliwa na wasafishaji, ambao huzungumza kana kwamba mtoto asiyesimuliwa kuhusu zimwi hana hofu yoyote. Katika ngano inayojulikana sana pwani, wasichana wanakwenda ufukweni kuokota makombe. Mmoja anasahau lake juu ya jiwe, wenzake wanakataa kurudi naye, anakwenda peke yake akiimba ili kujipa moyo, na zimwi anamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Zimwi anazunguka vijijini akiipiga ngoma, nayo inaimba, watu wanamlisha kwa ajili ya ajabu hiyo, mpaka anapofika kijijini kwa wazazi wa msichana, nao wanaitambua sauti, wanamtoa mtoto wao kwa siri na kujaza ngoma nyuki na nyoka.

Mtoto wa miaka minne au mitano anayesikiliza kisa hiki hapokei hofu tupu. Anapokea wimbo unaorudiwa, ambao yeye mwenyewe anauimba pamoja na hadhira, na kwa hiyo anakuwa ndiye sauti iliyomo ndani ya ngoma. Anapokea pia uhakika kwamba wazazi wataitambua sauti ya mtoto wao hata ikiwa imefungiwa ngozini, uhakika ambao hauna thamani yoyote kama zimwi ni rafiki na ngoma ni mchezo. Fanani aliye mbele yake anaona macho yake, anapunguza sauti au kuipandisha, na anaweza kumpakata pale zimwi anapotokea. Ni haki kukubali kwamba video inayochezwa kwenye simu, na picha iliyochorwa kwa ustadi ikaonyesha jeraha wazi, hazina uwezo huo wa kupima, na kwamba yupo mtoto ambaye kwa sababu ya msiba wa karibuni hapaswi kusimuliwa kisa fulani wiki hii. Kukubali hivyo, hata hivyo, ni kumwachia msimulizi aliye na mtoto uamuzi wa lini na kwa vipi, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kumwachia mhariri aliye mbali uamuzi wa kulifuta tukio kwa watoto wote na kwa wakati wote.

Dai la tatu ni kwamba mtoto humwiga mhusika, na kwa hiyo Sungura asiyeadhibiwa huzaa watoto waongo. Wanaosema hivyo wanasahau namna ngano inavyofunguliwa. Fanani huita, hadhira huitikia, na katika fomula moja ya ufunguzi inayotumiwa sana hadhira yenyewe huualika uongo uje na utamu wake ukolee. Hivyo mtoto huingia katika hadithi akiwa amekubali, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba yanayofuata si habari za kweli wala si amri za nyumbani. Zaidi ya hayo, nafasi ya Sungura katika ulimwengu wa ngano ni ya mdogo asiye na kucha wala pembe katikati ya wenye nguvu. Simba anapojificha ndani ya nyumba ya Sungura ili amkamate, Sungura anaziona nyayo, anasimama nje na kuisalimu nyumba. Isipojibu, anashangaa kwa sauti kubwa kwamba kila siku huitikia. Simba, akidhani hiyo ndiyo desturi ya mahali hapo, anaitikia kutoka ndani, na Sungura anakimbia akicheka kwamba hajapata kuona nyumba inayosema. Anachokipata mtoto hapo ni furaha ya kuona kwamba mwenye nguvu anaweza kushindwa na mwenye kutazama chini kabla ya kuingia. Waafrika waliotumikishwa utumwani Marekani na vizazi vyao walisimulia visa vya sungura anayewashinda wakubwa wa msituni, visa ambavyo Joel Chandler Harris alianza kuvichapisha vitabuni mwaka 1880, na ni vigumu kudai kwamba watu hao waliona katika sungura huyo somo la utovu wa adabu tu.

Isitoshe, jadi yenyewe imemwekea Sungura mipaka yake bila kumlazimisha aombe radhi. Sungura anayemshinda Simba ndiye huyo huyo anayeshindwa na Kobe, aliye dhaifu zaidi yake. Hila yake hufaulu inapoelekezwa kwa mwenye nguvu na mara nyingi humgeukia anapoielekeza kwa mnyonge. Mtoto anayesikia visa vingi hujifunza tofauti hii kwa kulinganisha, kama anavyojifunza lugha, na huipata kwa uthabiti ambao hauwezi kupatikana kwa kusomewa kisa kimoja kilichorekebishwa ili kitosheke chenyewe. Kisa cha Buku kinabaki kuwa jambo la kipekee linalouma, na kuuma huko ndiko kunakomfanya mtoto aulize kwa nini Buku afe ilhali mkosaji ni Sungura. Swali hilo ndilo mwanzo wa kufikiri kuhusu haki, nalo haliulizwi na mtoto ambaye hadithi yake imemaliza kila hesabu kabla hajafungua kinywa.

Hapa ndipo mazoea ya kubandika funzo yanapoonyesha udhaifu wake. Kisa cha Sultani Darai kinamhusu maskini aliyezoea kuchakura jaani, ambaye siku moja anaokota thumni na kuitumia kununua paa. Paa huyo anasema, anatafuta almasi, anampelekea sultani kama zawadi, anamposea bwana wake binti wa sultani, anaua nyoka mkubwa na kumpatia bwana wake jumba lililojaa mali. Kisha paa anaugua, anatuma ujumbe kwa bwana wake, naye anajibu apikiwe uji wa mtama mwekundu. Ujumbe unakwenda tena, na jibu ni lile lile. Mke wa bwana anamwonea huruma mgonjwa, lakini paa anakufa na anatupwa kisimani. Mwishowe yule bwana anajikuta yuko jaani, anachakura kama zamani. Kitabu cha kisasa kitaongeza hapo kwamba tunajifunza kuwa na shukrani. Sentensi hiyo si ya uongo, ila ni ndogo kuliko kisa. Haigusi ule uji wa mtama mwekundu, ambao mtoto anayejua kinacholiwa nyumbani kwa tajiri na kinacholiwa nyumbani kwa maskini anaielewa aibu yake mara moja, wala haigusi swali la kwa nini aliyewahi kuwa na njaa ndiye anayemnyima mwenzake chakula kizuri. Funzo likishatangazwa, mtoto anajua kwamba kazi imekwisha na kwamba jibu linalotakiwa ni moja. Anayakariri maneno matatu na kuliacha jaa nyuma.

Jadi ilijua njia nyingine ya kufunza kwa hadithi, nayo inaonekana wazi katika kisa cha punda wa dobi, ambacho pia kimo katika mkusanyiko wa Steere. Kima, aliyealikwa na rafiki yake papa kwenda kwao, anaambiwa katikati ya bahari kwamba sultani wa huko ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Anajibu kwamba kima huacha mioyo yao mitini, anarudishwa pwani, anapanda juu na hashuki tena. Papa anapomwita, kima hamhubirii kuhusu urafiki wa kweli. Anamsimulia kisa cha punda aliyeponea chupuchupu katika makucha ya simba, akashawishiwa kurudi, akauawa, na sungura akala moyo na masikio yake, kisha akamwambia simba kwamba punda huyo hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi. Ndani ya hadithi, basi, hadithi inatumika kama jibu, na papa anaachiwa kuielewa. Kiini cha kisa hiki ni cha kale sana. Kinapatikana katika Panchatantra ya Kihindi na katika Kalila na Dimna, ambayo Ibn al-Muqaffa aliitia katika Kiarabu katika karne ya 8, na kimevuka bahari na lugha hizo zote bila kuhitaji mtu wa kukieleza mwishoni.

Wapo watakaomtaja Shaaban Robert kama ushahidi wa upande wa pili, kwa kuwa katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952 kilichotumia visa vya Alfu Lela Ulela, hata majina ya wahusika ni majina ya maadili. Ni kweli kwamba mwandishi huyo hakuficha nia yake ya kuadilisha. Lakini hakuisafisha hadithi ili kufanya hivyo: nduguze Adili wamegeuzwa manyani, na kila usiku huchapwa mijeledi na ndugu anayewapenda, naye mfalme anashangazwa na mchanganyiko huo wa ukarimu na adhabu kiasi cha kutaka kujua siri yake. Vizazi vya wanafunzi waliosoma kitabu hicho wanakumbuka manyani na mijeledi, na kupitia hayo wanaikumbuka husuda iliyoyasababisha. Mwandishi mwenye maadili aliye fundi huuacha uovu uonekane wote, kwa kuwa anajua kwamba wema usio na kitu cha kushindana nacho hauonekani.

Kusema haya si kusema kwamba ngano ni amana isiyoguswa. Zipo ngano zinazomdhuru mtoto kwa njia ambayo wasafishaji hawaitazami, nazo ni zile zinazoelekeza uovu kwa kundi la watu ambao mtoto huyo anaishi nao. Historia ya ndugu Grimm ni funzo kubwa katika jambo hili. Mkusanyiko wao wa hadithi za Kijerumani ulianza kutoka mwaka 1812, na kadiri ulivyosomwa na familia za watu wa tabaka la kati ndivyo Wilhelm Grimm alivyozidi kuurekebisha. Katika kisa cha Theluji Nyeupe na kile cha Hansel na Gretel, mama mzazi aliyetaka watoto wafe au waachwe msituni aligeuzwa kuwa mama wa kambo, ili hadhi ya mama isiguswe. Ukatili haukupungua hata kidogo. Ulihamishiwa kwa mwanamke mwingine, na watoto wengi wanaolelewa na mama wa kambo wamefika kwake wakiwa tayari wamefundishwa kumwogopa.

Afrika Mashariki ina mfano wake ulio mzito zaidi. Kizee wa msituni mwenye macho mekundu, ambaye ni mchawi kwa sababu tu ni mzee na anaishi peke yake, hupita salama katika matoleo mengi yaliyosafishwa, mradi asile mtu. Hayo yanatokea katika eneo ambalo wanawake vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania, mara nyingine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni wa miaka mingi, na ambalo wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Zimwi hana jirani anayefanana naye, na hakuna mtu atakayepigwa mawe kwa sababu mtoto alisimuliwa kuhusu zimwi; kizee ana jirani, na jirani huyo ana jina. Msimulizi mwenye dhamana angeanza hapo: angemwacha zimwi ale, na angempa uovu wa kizee mhusika ambaye uovu wake unatokana na anachokitenda. Vivyo hivyo kwa kilema kinachotumiwa kama alama ya ubaya, na kwa binti ambaye kazi yake pekee katika kisa ni kuwa zawadi ya mshindi.

Kazi ya kusimulia upya, ikieleweka hivi, inakuwa ngumu kuliko kazi ya kusafisha. Inamtaka msimulizi ajue ni tukio gani linalobeba kisa, alilinde hilo, na kufupisha mengine. Asimame kidogo kwenye jeraha bila kulichora, kwa kuwa sentensi moja inayosema mkono ulikatwa inamtosha mtoto. Autunze wimbo na marudio, ambayo ndiyo yanayompa mtoto mdogo mahali pa kushika. Na anyamaze kisa kinapokwisha, akisubiri kuulizwa. Inamtaka pia mhariri avumilie ukurasa wa mwisho usio na funzo, na mwalimu avumilie darasa linalobishana kama Buku alistahili kufa, bila kuwa na jibu la kuwasahihishia. Wanaosafisha ngano husema kwamba wanamlinda mtoto. Kwa kweli wanachokilinda ni utulivu wa watu wazima wasiopenda kuulizwa maswali magumu kabla ya taa kuzimwa. Mtoto hahitaji ulinzi huo, na vitabu vinavyouuza chini ya jina la ngano vinapaswa kwanza kuitwa kwa jina lao, yaani hadithi mpya za waandishi wa leo, ambazo zina haki ya kuwepo lakini hazina haki ya kuchukua mahali pa zile walizozirithi watoto hao.